Hodi ya Mzee Nzioka

Jioni ya pili ya matanga ya Mzee Nzioka, nyumbani kwake Komarock, mimi na Nekesa tulijiaibisha kwa kicheko. Haikuwa dharau, Mungu ni shahidi wangu. Nilikuwa nimemlilia yule mzee njia nzima kutoka kazini. Lakini tulipokaribishwa sebuleni, tukajibana kwenye kochi katikati ya akina mama wa kanisa, niliinua macho nikaona juu ya televisheni kitambaa cha kufuma, cha rangi ya machungwa na kijani, kidogo mno kwa televisheni ile, kimekaa pale kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha babu. Nekesa alikiona wakati huo huo. Akanifinya paja. Akaninong'oneza kwamba huyu mzee alistaafu akaenda na kitambaa chake, aki, huyu mzee! Basi tukaisha. Tulicheka tumejifunika leso usoni, mabega yakitutetemeka, na mama mmoja mwema aliyedhani tumezidiwa na kilio akatuletea maji ya kunywa.

Tulikuwa bado tunajifuta machozi tuliposikia sauti getini ikisema hodi. Sasa, matanga hayana hodi. Geti liko wazi, mlango umewekewa jiwe usijifunge, watu wanaingia na kutoka na masufuria, hakuna anayemwuliza mwenzake. Lakini mwenye sauti ile hakuingia. Akapiga hodi tena. Vijana waliokuwa wakipanga viti wakamwambia aingie tu, mathe, kuko wazi. Wapi! Alisimama pale pale, mwanamke mrefu mwenye mvi mbele ya kitambaa cha kichwa, mpaka mjane mwenyewe akainuka, akaenda hadi mlangoni, akamwambia karibu. Ndipo akavuka kizingiti. Kicheko kilinikauka. Alikuwa Mama Achieng', na hodi ile niliijua ilikotoka, maana nilikuwepo ilipoanza, mwaka ule tulioletewa tableti. Ndio mwaka ninaotaka kuusimulia. Nilizaliwa wapi na kulelewa na nani, hayo nitayaruka, hayana utamu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kibarua katika ofisi ya wadi kwenye mtaa mmoja wa Eastlands ambao sitautaja, kwa sababu wenyewe wapo na wanapenda kupiga simu. Siku hizi watoto wa ofisini wananiita Madam na kunifungulia mlango, lakini wakati huo nilikuwa Syombua tu, msichana wa mdomo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu cha zamani, kilichopakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe kwenda juu, na dari lenye doa la mvua ambalo Nekesa alisema linafanana na Ziwa Victoria. Dirisha lilitazama soko. Tulikuwa watatu. Nekesa alikaa karibu na mlango, akipokea watu kwa mkono mmoja na kufuma kwa mwingine, kwa maana sindano ya kufumia haikumtoka mkononi. Alifuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya redio, na kama ungesimama karibu naye kwa muda angekufumia na wewe. Mzee Nzioka alikuwa karani mkuu. Suti ya kahawia, kofia, sauti ya chini. Baba yake alikuwa mchonga vinyago huko Ukambani, na nafikiri ndiko alikotoa tabia ya kushika kila kitu cha ofisi kwa vidole viwili, kama kwamba kimechongwa jana na bado hakijapata mnunuzi. Hata penseli, ukiiazima, alikuangalia mpaka uirudishe.

Chakula cha mchana tulikula kibandani nyuma ya soko. Chapati na madondo, na siku za mvua githeri. Hapo ndipo habari zote za mtaa zilipopikwa, na hapo ndipo siku moja redio ilipotangaza kwamba bunge la kaunti limepitisha hoja mbili mchana mmoja: wafanyakazi wa wadi wapewe tableti za kufanyia kazi, na majengo ya kaunti yaliyokaa bure yafunguliwe kwa watu wanaolala nje. Wueh! Kibanda kililipuka. Fundi wa viatu alisema ameona, wanajipa simu kubwa kwanza halafu maskini baadaye. Mwenye kibanda akasema hizo nyumba zitaenda kwa shangazi zao, ngojeni tu. Mwingine akataka kujua tableti ni dawa au ni nini. Mimi moyo wangu ulikuwa unaruka. Mashine nilizijua, ndizo zilizonipatia kibarua, na jengo lenyewe nilikuwa naliona kila siku nikienda kazini: Bloku C, hosteli ya zamani ya makapera, iliyojaa matoroli mabovu na njiwa. Nilikuwa tayari kwenda kulifagia siku hiyo hiyo.

Katikati ya kelele hiyo, mwanamke aliyekuwa akiosha vyombo pembeni alijifuta mikono akauliza, "Hizo nyumba zina milango?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Hakuudhika, akaeleza tu kwamba anaulizia mlango unaofungwa kwa ndani. Ndipo nilipomjua Mama Achieng', ingawa nilikuwa nimekula kwenye sahani alizoosha tangu nianze kazi. Nyumba yake ya mabati ilikuwa imeteketea kwa moto pamoja na za majirani, na tangu hapo alilala kwenye veranda ya maduka ya soko, juu ya katoni, na familia nyingine zilizopatwa kama yeye. Wasichana wake wawili, Achieng' na mdogo wake Atieno, walikuwa wamechukuliwa wakawekwa kwenye makao ya watoto ya kanisa. Afisa wa watoto alikuwa amemwambia waziwazi: apate chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani kabla ya shule kufunga, atarudishiwa. Asipopata, watapelekwa kwenye makao ya kudumu, kaunti nyingine, mbali. Alisema hayo yote huku akirudi kwenye karai lake, na alipomaliza hata fundi wa viatu alikuwa anatazama chapati yake.

Tableti zilikuja kwenye sanduku la katoni, tatu, nyeusi, zinang'aa. Mnajua watu wetu. Kitu hakianzi kazi kabla hakijaombewa. Mchungaji aliitwa, akaweka mkono juu ya sanduku akakemea virusi vya kila aina. Tulikunywa chai na mandazi. Nekesa alikosa usingizi kwa furaha. Kesho yake alikuja na vitambaa vitatu vya rangi ya machungwa na kijani, kipimo cha tableti kabisa, vyenye vishada pembeni. Mimi nikataka kubandua karatasi ya nailoni kwenye kioo. Mzee Nzioka alinishika mkono. Ile nailoni ilikaa mwaka mzima, tulikuwa tunabonyeza juu yake. Yeye ndiye aliyetia sahihi ya kuzipokea, na alikuwa karibu kustaafu, na alijua vizuri kona za mtaa wetu zinavyofanya kitu kinachong'aa kipotee mkononi mwa mtu. Basi akazifungia kwenye kabati la chuma, ufunguo akautia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Tungezitumia ofisini, mezani, akiwa anatuona. Nje, hapana.

Kwa hiyo amri ilipotoka mjini kwamba tuandikishe wanaolala nje, hatukwenda kwao. Tuliwaita. Na ilikuwa siku nzuri, sitaki kudanganya! Walikuja wengi, wameoga kwenye bomba la soko, watoto wamepakwa mafuta mpaka magotini. Tulichemsha chai. Mama Achieng' alikuwa amevaa rinda lililopigwa pasi, na mpaka leo sijui aliipiga pasi wapi. Alikaa mbele yangu, mgongo umenyooka, nikampiga picha, nikaandika majina ya wasichana wake, na nilipobonyeza kutuma, mashine ikalia ting! Akauliza kama huo ndio mlango wenyewe unalia. Tulicheka wote, hata Mzee. Jioni hiyo nilienda nyumbani najiona kama mimi ndiye serikali.

Simu kutoka mjini ilikuja wiki iliyofuata. Bwana aliyepiga alikuwa na adabu sana, na ndiyo iliyonitisha. Aliuliza, je, hapo kwenu mnaendesha lojingi? Nikasema hapana bwana, hii ni ofisi ya wadi. Akasema, basi mbona watu wenu wote wanalala humo? Sikumwelewa mpaka aliponifafanulia taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Ile mashine ilishika mahali ilipo kila unapoandika jina. Haikuuliza, ilishika tu. Kule mjini walikuwa na ramani, na kila mtu alionekana humo kama kitone chekundu pale anapolala. Wadi nyingine zilikuwa na vitone kwenye madaraja, vituo vya mafuta, veranda. Vyetu vilikuwa vimerundikana vyote juu ya ofisi yetu. Kwa hesabu ya mashine, Mama Achieng' na wenzake walikuwa na makao mazuri, yenye mabati, maji na askari wa getini. Walikuwa wamewekwa upande wa waliokwisha kupata. Tukitaka, tuwaandike upya pale wanapolala, mwisho Ijumaa. Tusipofanya hivyo, vyumba vya Bloku C vitapewa wadi jirani.

Niliweka simu chini nikawaeleza. Nekesa alijishika kichwa. Mzee Nzioka alishika mfuko wa koti lake, pale penye ufunguo. Na mimi, ah, mdomo wangu. Nilimwambia mambo ambayo kijana wa Kikamba hamwambii mzee wa umri wa baba yake. Nilimwambia tableti hazikuletwa kufumiwa nguo. Nilimwambia shule zinafunga, na wale watoto wakienda, waende na kabati lake. Sauti yangu ilifika sokoni. Nikingoja anifukuze, aliinuka, akafungua kabati, akazitoa moja moja, akavua kile kitambaa cha juu, akakikunja akakiweka mfukoni. "Zitatoka," akasema. "Lakini zitatoka na mimi."

Leo nikiwaona vijana wangu wakitoka ofisini na tableti mkononi kama wamebeba gazeti, huwa natamani wangetuona sisi Alhamisi ile. Mchana veranda ni ya wachuuzi, kwa hiyo ilibidi twende jioni, saa ambayo mitumba inafungwa kwenye magunia na wenye kulala wanaanza kutandika. Mzee alikuwa amejifunga tableti moja kifuani kwa leso ya Nekesa, na koti juu yake, na ya pili tuliizika kwenye kiondo chini ya sukuma wiki. Ya tatu ilibaki ofisini na Nekesa, aitazame ile ramani ya vitone, maana bwana wa mjini alikuwa ametufungulia humo. Joto la jioni lilikuwa kali na Mzee alitoka jasho kama aliyepanda mlima. Wanawake wa sokoni wakamsalimu, wakamwambia Mzee siku hizi umenona, mama anakulisha nini. Akajibu kwa heshima kwamba ni ugali. Nilijiuma shavu nisicheke. Niliogopa, nilifurahi, vyote pamoja, kama siku ya harusi.

Tukafika. Katoni zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, moja baada ya nyingine, kila moja na magunia yake na sufuria yake. Mimi nilikuwa nishanyanyua mguu kupita katikati, kama tulivyopita wote kila siku kwenda kununua nyanya. Mzee alinishika kiwiko. Akasimama mwanzo wa katoni ya kwanza, akavua kofia.

"Hodi hapa."

Watu waliacha walichokuwa wakifanya. Mama Achieng' aliinuka kutoka kwenye katoni yake, akatutazama, akatazama sakafu ya veranda.

"Mzee, hapa hakuna mlango."

"Nimeona," akasema Mzee. "Lakini kuna mwenyewe."

Yule mama alijifunga leso vizuri kiunoni, akainama akakung'uta katoni yake kwa kiganja, akasogeza sufuria pembeni. "Basi karibu," akasema. "Karibuni ndani." Na mzee yule wa suti ya kahawia, aliyekuwa akipangusa kiti cha ofisi kabla ya kukikalia, alivua viatu akavipanga pembeni, akaketi kwenye katoni. Nikavua vyangu pia. Tuliletewa chai ya rangi kwenye kikombe kimoja, tukanywa kwa zamu. Nikawa natamani kuimba. Mzee akafungua vifungo vya koti, akafungua leso, na mashine ikatoka.

Hapo kwenye kona walikuwa wamekaa vijana. Nilikuwa nimewaona mapema na nikajifanya sijawaona. Mwanga wa kioo ulipowaka, mmoja akainuka akaja, mikono mfukoni. Mzee alikumbatia tableti kama mtoto mchanga. Kijana akatazama, akamtazama Mama Achieng', akamwuliza niaje mathe, hao ni wageni wako? Mama Achieng' akamjibu kwamba ndiyo, ni wageni wake. Basi akatugeuzia mgongo, akasimama mbele yetu, akaita wenzake nao wakaja wakasimama. Tuliandika majina nyuma ya ukuta huo wa migongo. Mtandao ulitutesa. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, watoto wakakihesabia kwa sauti, na kila jina lilipolia ting! veranda nzima ililia ting nalo. Jina la Mama Achieng' nililiacha la mwisho, sijui kwa nini, labda kwa woga. Nilipolituma, nilimpigia Nekesa. Akasema, kitone kimehama. Kimetoka ofisini. Kiko sokoni, Syo, kiko hapo mlipo. Mama Achieng' aliona uso wangu tu. Akapiga kigelegele, wanawake wakakipokea, na Mzee Nzioka akawa ananyanyua mikono akituomba tunyamaze, tutaita wezi, huku meno yake yote yako nje.

Bloku C ilifunguliwa shule zikiwa bado hazijafunga. Matoroli yalitolewa, njiwa walifukuzwa wakarudi, rangi ilipakwa. Mheshimiwa wetu alikata utepe akahutubia kwenye jua kali, akatushukuru kwa kukumbatia teknolojia, na Nekesa akanifinya, maana kukumbatia ndiko hasa tulikofanya. Mama Achieng' alipewa chumba cha ghorofa ya kwanza, mwisho wa ukumbi. Kitanda, meza, dirisha linalotazama reli. Hakutazama hata kimoja. Alisimama nyuma ya mlango akishika kitasa. Afisa wa watoto alikuja na wasichana, wamebeba mifuko ya plastiki, sare zimewabana mabegani. Alikuwa mwanamke makini. Aliingia, akafunga mlango kwa ndani, akafungua, akafunga tena, akausukuma kwa bega. Kisha akatoka akatuambia kwaheri, na wasichana hakutoka nao. Nekesa alikaa kwenye ngazi akalia, na vile vitambaa vyake havikuwepo vya kujifutia, akatumia mkono wa sweta langu.

Tulikuwa tumenunua mkate na maziwa ya kumpelekea mwenye chumba. Mimi, mwenye haraka zangu, nilishika kitasa nisukume tuingie. Mzee Nzioka alinishika kiwiko, kama siku ile. Akavua kofia, akagonga kwa kifundo cha kidole, polepole.

"Hodi."

Nikasikia miguu ya watoto ikikimbia ndani, na mmoja akizuiwa. Nikadhani hatujasikika. Kisha sauti ya Mama Achieng' ikatoka karibu sana, alikuwa amesimama nyuma ya mlango pale pale.

"Rudia, Mzee."

"Hodi hapa," akasema Mzee.

"Rudia tena."

Alirudia. Watu wa vyumba vingine wakafungua milango yao kututazama, na wasichana ndani wakaanza kucheka, na mimi nikacheka na mkate wangu kifuani. Hakuchoka. Alisimama na kofia mkononi, mzee wa watu, akapiga hodi mara zote alizoombwa, kwa sauti ile ile ya chini, mpaka tukasikia ufunguo ukizunguka kwa ndani.